Kusaka makala za mwani kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo: uzoefu wangu

Nina miezi minane natumia maktaba ya mtandaoni ya chuo chetu, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nawaambia wenzangu kitu hiki hakina maana. Chuo sikitaji, kwa sababu huko mbele nitagusa suala la nywila na sitaki maneno.

Siku ya kwanza niliandika swali zima kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia: kwa nini wakulima wa mwani Zanzibar wanaacha kulima aina yenye bei nzuri. Matokeo yakaja maelfu, na ya juu kabisa yanazungumzia mpunga. Nikabadili, nikaandika neno moja la Kiswahili, mwani. Zikaja makala za isimu! Kimwani ni lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Nilicheka, ila bando lilikuwa langu.

Nikamfuata mkutubi wa dawati la marejeo. Akatazama kioo cha lapitopu yangu, akasema, "Mdogo wangu, unaiuliza kama unamuuliza mtu. Hii haielewi swali, inaokota maneno." Akanionyesha taratibu: ukiyafunga maneno kwa alama za usemi yanatafutwa yakiwa pamoja, AND inapunguza matokeo, OR inayaongeza, ukiandika farm* na hiyo nyota mwishoni unapata farming, farmer na farmers kwa mkupuo. Kisha akaniuliza swali ambalo hata msimamizi wangu hajawahi kuniuliza: "Huo mwani wako una majina mangapi?"

Mengi, kumbe. Wakulima wa Paje na wanunuzi wao wanasema cottonii, ile aina yenye bei nzuri, na spinosum. Wanasayansi walishaihamishia cottonii kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) nyingine tangu 1988, sasa ni Kappaphycus alvarezii, na spinosum wanaiita Eucheuma denticulatum. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania "Eucheuma cottonii", jina la zamani, kwa hiyo kazi nyingi mpya zilikuwa zinanipita hivihivi. Tukaweka majina yote ndani ya mabano tukiyaunganisha kwa OR, tukaongeza AND na mabano mengine ya Zanzibar na Tanzania. Orodha ikashuka hadi kurasa mbili. Humo nikakutana na ice-ice, ule ugonjwa unaoufanya mwani uwe mweupe na kukatika, na habari za joto la maji linavyoiumiza cottonii kuliko spinosum. Yaani sura yangu ya pili ilikuwa imekaa pale siku zote.

Kuhusu zana zenyewe, naanza na Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, ambayo ipo tangu 2004. Naipendea kiungo cha "Cited by" chini ya kila makala: unashika kazi moja nzuri ya 2005, unabofya, unaona nani kaitumia baadaye. Humo ndani tasnifu, ripoti na makala za majarida vimechanganyika, kwa hiyo kuhakikisha kipi kimepitiwa na wataalamu ni kazi yako. JSTOR, hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, nzuri kwa historia na jamii. Ukijisajili bure unasoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni, ingawa majarida mengi matoleo yake ya miaka ya karibuni hayamo. Kwa mambo ya pwani yetu, African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, imenifaa kuliko nilivyotarajia. Jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science limo, na ukilipata limefunguka, hakuna kudaiwa dola. Research4Life nayo ina hazina kubwa ya majarida kwa vyuo vya nchi kama yetu, ila anayejisajili ni chuo, wewe unaingilia mgongoni mwake.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nikiwa chuoni kila kitu kinafunguka. Nikirudi nyumbani Mbagala, naambiwa nywila imekwisha muda. Ilibadilishwa katikati ya muhula, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa maktaba. Ubaoni! Huduma ya mtandaoni, tangazo la karatasi. Nilipoteza siku nne kabla ya mwenzangu kunipigia picha lile tangazo na kunitumia WhatsApp.

Siku hizi nakwenda na daftari. Kila utafutaji naandika tarehe, hifadhidata, maneno niliyotumia na idadi ya matokeo, maana msimamizi aliniuliza "umetafutaje?" nikabaki natoa macho. Makala zenyewe nazitunza kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure.

Nyota nne kati ya tano. Dawati la marejeo Jumamosi halina mtu, kwa hiyo maswali ya wikiendi nayaandika nyuma ya daftari hilohilo na kumpelekea dada mkutubi Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijaanza.