Rimoti ya Ndege ya Modeli: Ipi Ununue Kwanza, na Namna ya Kuifunga Ndegeni

Mtu anayejenga ndege yake ya kwanza ya modeli hutumia muda mwingi kuchagua bodi, mota na betri, kisha rimoti huinunua yoyote aliyoikuta kwa bei nafuu. Kwa maoni yangu mpangilio huo ungefaa ugeuzwe. Bodi ya povu itaanguka, itaungwa kwa gundi, na hatimaye itatupwa, lakini rimoti utakaa nayo miaka mingi, na kila risiva (kipokezi cha mawimbi kinachofungwa ndani ya ndege) utakayoinunua baadaye italazimika kuelewana nayo. Kampuni nyingi zina mifumo yao isiyoingiliana: risiva ya FlySky haioanishwi na rimoti ya Futaba, wala ya Spektrum haiitikii rimoti ya FlySky. Unaponunua rimoti unanunua mfumo mzima wa mawasiliano, kwa hiyo bei ya kupigia hesabu ni ya rimoti pamoja na risiva tatu au nne zitakazofuata.

Ninazungumzia hapa ndege ya kujifunzia yenye bawa la juu, upana wa mita 1 hadi 1.5, mota ya umeme na betri ya lithiamu ya seli 3. Ndege kama hiyo huongozwa kwa chaneli nne: eleroni za kuiinamisha kushoto na kulia, eleveta ya kuinua na kushusha pua, mota, na usukani wa mkiani. Hata hivyo usinunue rimoti ya chaneli nne, kwa sababu siku utakapotaka kila eleroni iwe na chaneli yake, au utakapoongeza flapi za bawani za kusaidia kutua polepole, itakuwa imekwisha uwezo. Chaneli sita ndicho kiwango cha chini ninachokubali.

Masafa yawe ya gigahezi 2.4. Zamani rimoti zilitumia megahezi 35 huko Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, na megahezi 72 Marekani, kila moja ikiwa na kristali yake ya kuweka masafa, na watu wawili wenye kristali za masafa mamoja waliweza kuangushiana ndege bila kukusudia. Seti hizo bado zinauzwa kama mitumba kwa bei ya kuvutia, ziache. Zipo pia rimoti za kufika mbali za megahezi 868 na 915, ambazo husifiwa sana kwa umbali, lakini zinakaa jirani na masafa ambayo mitandao ya simu ya GSM 900 hutumia kwetu Afrika Mashariki, na rubani anayeiona ndege yake kwa macho hana haja na umbali huo.

Jambo jingine la kuamua kabla ya kulipa ni mpangilio wa vijiti. Mode 2 huweka mota na usukani kwenye kijiti cha kushoto, eleroni na eleveta kwenye cha kulia. Mode 1 huhamishia mota kulia na eleveta kushoto. Kama jirani yako au mwalimu wako anarusha kwa Mode 1, mfuate yeye, maana siku ndege ikikushinda hewani atalazimika kuipokea rimoti yako mkononi. Usipokuwa na mtu wa kumfuata, chagua Mode 2.

Chaguo la kwanza: RadioMaster Boxer yenye ELRS

ELRS, kwa jina refu ExpressLRS, ni mfumo wa mawasiliano ulio wazi, ambao programu yake hutolewa bure na watengenezaji mbalimbali wameruhusiwa kuutumia. Hii ndiyo sababu kuu ya kuiweka Boxer juu. Risiva zake hutengenezwa na kampuni nyingi zinazoshindana, kwa hiyo bei iko chini, na kampuni moja ikifungwa hutabaki na rimoti isiyo na mwenzake. Boxer yenyewe huuzwa karibu dola 140 kabla ya usafiri. Vijiti vyake ni vya ukubwa wa kawaida na hutumia sumaku badala ya vipande vinavyosuguana na kuchakaa; inachajiwa kwa waya wa USB-C, na waya huohuo ukiuchomeka kwenye kompyuta rimoti hugeuka kuwa kifaa cha kuongozea programu ya mazoezi. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kwa anayeanza, kwa sababu ndege ya kwenye kompyuta huanguka mara nyingi kadiri upendavyo bila kukugharimu chochote.

Ina udhia wake, nao uelezwe wazi. Programu ya EdgeTX inayoiendesha ina kurasa nyingi, na mgeni huhitaji siku kadhaa kabla ya kuizoea. Programu ya ELRS kwenye rimoti na kwenye risiva lazima ziwe za kizazi kimoja: ya toleo la 2 haitaoana na ya toleo la 3 hadi moja isasishwe. Halafu kuna chaneli ya 5. Katika mpangilio wa kawaida wa ELRS, chaneli hiyo imetengwa kwa swichi ya kuwasha na kuzima, kwa hiyo hupeleka hali mbili tu. Fundi aliyezoea mifumo mingine huchomeka servo (mota ndogo ya kusogeza sukani) ya eleroni ya pili kwenye tundu la 5, akasogeza kijiti kidogo kulia, na hapo eleroni moja hutembea polepole inavyotakiwa huku ya pili ikiruka hadi mwisho wake kwa mkupuo. Servo haijaharibika. Tumia chaneli ya 6 kwa eleroni hiyo. Kisha, ukipenda, ingia kwenye ukurasa wa risiva kwa Wi-Fi uamuru tundu la 5 litoe chaneli ya 6.

Risiva ya kuambatanisha nayo iwe na matundu ya servo, kama ER6 au ER8 za kampuni hiyohiyo. Risiva ndogo za bei rahisi zilizoundwa kwa droni za mashindano hazina matundu hayo. Hutoa waya wa data wa kwenda kwenye ubongo wa droni, na wanunuzi wengi wa ndege huzipokea wakashindwa pa kuchomeka servo.

Chaguo la pili: RadioMaster Pocket yenye ELRS

Kwa mwanafunzi au mtu mwenye bajeti ya dola 65 hivi, hii ndiyo ya kununua. Mfumo ni uleule, programu ni ileile, na risiva utakazozinunua leo zitafanya kazi na Boxer utakayoinunua kesho. Nguvu yake ya juu ni miliwati 250 mahali ambapo Boxer hufika wati 1, na tofauti hiyo haina uzito kwa ndege inayoonekana kwa macho. Miliwati 100 zinatosha. Kinachoishusha nafasi ni vijiti vifupi, ambavyo humfanya mtu mwenye vidole vikubwa aongoze kwa mishtuko. Hutumia seli mbili za aina ya 18650, ambazo kwa kawaida haziji na kifurushi kwa kuwa mashirika ya ndege huwekea betri za lithiamu masharti. Usizichomoe kutoka betri kuukuu ya kompyuta mpakato; nunua mpya kwa muuzaji anayeaminika. Hakikisha pia kwamba tangazo limeandikwa ELRS, kwa sababu Pocket huuzwa pia katika toleo la mfumo mwingine lenye sura ileile kabisa.

Chaguo la tatu: FlySky FS-i6X

Hii ina chaneli 10, menyu rahisi, na inatumia betri nne za AA zinazopatikana katika duka lolote la mtaani, hata mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha. Huja mara nyingi na risiva ya iA6B yenye antena mbili. Mtu asiyetaka kabisa kushughulika na kompyuta ataielewa siku ya kwanza: huchomeka waya wa kuoanisha kwenye tundu la risiva lililoandikwa B/VCC, hubonyeza kitufe cha kuoanisha huku akiwasha rimoti, na kazi imekwisha. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mfumo wake ni wa FlySky peke yao, na vijiti vyake hulegea mapema kuliko vile vya sumaku.

Spektrum na Futaba ni vyombo bora, na sizishushi kwa ubora. Ukinunua ndege iliyokwisha fungwa risiva ya Spektrum kiwandani, kama nyingi zinazouzwa na Horizon Hobby, basi rimoti ya Spektrum inaruka hadi nafasi ya kwanza kwako, mradi iwe ya mfumo wa DSMX, si DSM2 ya zamani. Futaba, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1948, inaaminiwa na marubani wa mashindano. Tatizo ni bei ya risiva zao halisi, na kwamba duka la karibu la kurejesha kilichoharibika huenda liko ng'ambo.

Servo na umeme wake

Kwa ndege ya ukubwa huu servo za gramu 9 zinatosha. Lipia kidogo zaidi upate zenye gia za chuma, kwa sababu za plastiki hung'oka meno kila ndege inapotua vibaya. Servo moja ya aina hii ikikwama huvuta karibu ampea 0.7, kwa hiyo nne zikikwama pamoja hukaribia ampea 3. Umeme huo hutoka kwenye kipunguza volti kilichomo ndani ya kidhibiti-mwendo cha mota, na hapa ndipo vifaa vya bei ya chini huangusha ndege. Vingi vina kipunguza volti cha kizamani, kinachogeuza volti za ziada kuwa joto: betri ya seli 3 iliyojaa ina volti 12.6, risiva inataka 5, na kila ampea inayopita huacha wati 7.6 za joto ndani ya kifaa kidogo kilichofungwa kwa plastiki. Kikipata moto sana hujizima, na risiva huzimika nacho, ndege ikiwa hewani. Unaponunua, tafuta kidhibiti-mwendo ambacho maelezo yake yanataja kipunguza volti cha kuswichi (switching BEC), cha ampea 3 au zaidi.

Kufunga

Toa propela kwanza. Isirudi mahali pake hadi mipangilio yote ikamilike, kwa kuwa mota ya ndege hii inaweza kukata vidole.

Risiva ikae mbali na kidhibiti-mwendo, nyaya nene za betri na chochote cha kaboni. Ibandike kwa velkro ili iweze kutolewa. Ukiangalia waya wa antena utaona kwamba kipande cha mwisho, kama milimita 31, ni chembamba kuliko sehemu nyingine. Hicho ndicho kinachopokea mawimbi. Urefu wake ni robo ya wimbi la gigahezi 2.4, lenye sentimita 12.5, kwa hiyo kisikatwe, kisikunjwe, wala kisilazwe juu ya betri. Risiva ikiwa na antena mbili, moja elekeza kando na nyingine juu, zifanye pembe ya digrii 90, ili ndege inapogeuka na moja kupoteza nguvu nyingine iendelee kusikia.

Kabla ya kukaza mkono wa servo, washa rimoti na risiva, hakikisha trimu zote (vitufe vya kurekebisha kidogo mahali pa katikati) ziko sifuri, ili servo ikae katikati, kwenye mpigo wa maikrosekunde 1500. Hapo ndipo uuweke mkono ukisimama wima dhidi ya waya wa kusukuma. Anayefunga mkono servo ikiwa haina umeme hujikuta akirekebisha kwa trimu hadi inakwisha, na usukani unafika mbali upande mmoja na karibu upande mwingine. Kwa ndege ya kujifunzia chomeka waya huo wa kusukuma kwenye tundu la ndani la mkono wa servo na tundu la nje la pembe, yaani kikono kilichobandikwa kwenye usukani. Mwendo utapungua, na nguvu itaongezeka.

Sasa simama nyuma ya ndege. Kijiti kikienda kulia, eleroni ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Ukivuta kijiti kuelekea kwako, eleveta ipande. Usukani uelekee upande uleule wa kijiti. Eleroni zilizogeuzwa ni miongoni mwa makosa ambayo hayaonekani mezani na huua ndege sekunde chache baada ya kuruka, kwa hiyo ukaguzi huu urudiwe uwanjani kabla ya kila mruko. Weka pia ulaini wa katikati (expo), unaofanya sukani zisogee kidogo kijiti kikiwa karibu na katikati, wa asilimia 25 hadi 30 kwenye eleroni na eleveta.

Kinga ya mawimbi kukatika (failsafe) usidhani umewekewa kiwandani. Iweke mwenyewe: mota izime, sukani zirudi katikati. Kisha ijaribu propela ikiwa bado imetolewa: endesha mota polepole, zima rimoti, na uangalie. Mota ikiendelea kuzunguka, ndege hiyo haijawa tayari.

Betri ikiwa mahali pake, inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa. Isimame sawa, au pua izame kidogo, vidole vikiwa kati ya asilimia 25 na 33 ya njia ya kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi ukingo wa nyuma. Ikiwa mkia ndio mzito, sogeza betri mbele kabla ya kufikiria kuongeza uzito wa risasi.

Kuhusu ruhusa, vyombo visivyo na rubani ndani husimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga, TCAA Tanzania na KCAA Kenya. Waulize kabla mzigo haujatumwa, ili usizuiliwe forodhani.

Kazi ya mwisho uwanjani ni kupima umbali. Weka rimoti katika hali ya kupimia, au shusha nguvu hadi kiwango cha chini kabisa, mwambie mwenzako aishike ndege, kisha tembea hatua 30 ukichezesha vijiti. Ongeza mota hadi nusu wakati unaendelea, kwa maana baadhi ya hitilafu hujitokeza mota ikiwa inavuta umeme tu. Servo zikitetemeka au zikichelewa, sogeza antena kwanza, halafu risiva, na upime tena kabla ya kuiachia ndege.