Bushi za mbele za Impreza WRX ya zamani: ipi inafaa barabara za Malindi?

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo mezani nimepanga bushi za mkono wa chini wa mbele, yaani vile vipande vya mpira na chuma vinavyoushikisha kwenye bodi mkono wa chuma unaobeba gurudumu, za Subaru Impreza WRX, ile sedani ya kizazi cha pili iliyotoka kuanzia 2000 hadi 2007. Maswali yenu nimeyasoma, ya wa hapa Malindi, ya wa Watamu, na ya wa Mambrui kule ng'ambo ya daraja la Sabaki, na kilio ni kimoja: nikikanyaga breki usukani unavuta, mbele panagonga, tairi zinaliwa upande wa ndani. Injini bado ina nguvu zake, lakini mbele gari limelegea. Basi kabla hujatoa pesa za shokabzoba mpya, mwambie fundi akague bushi.

Kila mkono wa chini una bushi mbili. Hii ndogo ni ya mbele, imeshindiliwa kwenye tundu la mkono wenyewe. Hii kubwa ni ya nyuma, inakaa ndani ya nyumba yake ya chuma, na nyumba hiyo hufungwa kwenye bodi kwa bolti mbili. Ukifunga breki, barabara inalisukuma gurudumu kurudi nyuma, mkono unataka kupinda nao, na bushi hii kubwa ndiyo inayouzuia. Ikichoka, gurudumu linarudi nyuma ndani ya fenda, pembe zake zinabadilika hapo hapo ulipo kwenye breki, na kwa kuwa upande mmoja huchoka kabla ya mwenziwe, gari linavuta. Kwenye barabara ya kwenda Kilifi, ambako tuktuk inakukatia njia bila taarifa, hilo si jambo la kuvumilia.

Sogeza kamera hapa. Hii imetoka kwenye gari la mteja. Tazama ufa huu: umeanzia kwenye uwazi wa mpira, ukalizunguka bomba la katikati karibu nusu ya duara. Nikiingiza ukucha unazama wote. Sasa naweka bisibisi katikati, nasukuma kwa mkono mmoja tu. Umeona? Bomba limeegemea upande hata linagusa chuma cha nje. Huko ndiko kugonga mnakokusikia. Na hapa pembeni pana weusi unaong'aa. Baadhi ya WRX zina bushi ya nyuma yenye majimaji ndani yake, yamewekwa kupunguza mtetemo, na mpira ukipasuka majimaji hutoka yakashika vumbi. Ukiuona weusi huo chini ya gari, usikubali kuambiwa ni oili ya injini imedondoka.

Kuipima bushi kabla ya kufungua chochote ni rahisi. Mtu mmoja akae ndani, aendeshe kidogo mbele, afunge breki, arudi nyuma, afunge breki. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele ya gari, na utazame nafasi kati ya tairi na fenda. Gurudumu zima likisogea mbele na nyuma, bushi imekwisha. Kama linatulia lakini panagonga kwenye matuta, angalia kwanza linki za stebilaiza (vijiti vya ile nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) na boljointi (kiungo kati ya mkono na gurudumu).

Sasa tuje kwenye kununua, na hapa nitasema wazi ninavyoona.

Za mtumba, zilizotolewa kwenye gari lililokatwa Japani: usinunue. Gia-boksi ya mtumba naielewa, hata mlango naelewa. Lakini mpira huzeeka kwa joto na kwa hewa hata ukikaa rafu, na gari la 2004 limebeba mpira wa 2004. Unalipa kazi ya fundi mara mbili.

Mkono mzima mpya wa bei nafuu, wenye bushi na boljointi yake, unavutia kwa sababu hauhitaji presi, ile mashine ya kushindilia bushi. Fundi anafungua wa zamani, anafunga mpya, jioni umeondoka. Siwezi kusema yote ni mibaya. Ila kabla ya kulipa, ushike mkononi. Bonyeza ukingo wa mpira pale unapokutana na bomba la chuma. Mpira mzuri umeungana na chuma, haunyanyuki. Ukiona unabanduka, au kuna mwanya hata mwembamba, rudisha. Tazama pia rangi ya chuma: hapa kwetu hewa ya chumvi haisamehi, na mkono uliopakwa rangi nyembamba juu ya chuma kitupu utaanza kutu mapema mno.

Halafu kuna poli, yaani poliyurethani. Majina mtakayokutana nayo ni Whiteline na SuperPro kutoka Australia, na Powerflex kutoka Uingereza. Hizi najua mnazipenda, na sababu zenu ni za kweli: usukani unajibu haraka, oili haizili kama inavyoula mpira, na nyingi huja vipande viwili ambavyo fundi anaweza kuvisukuma kwa mkono. Tofauti kubwa na mpira ni namna zinavyofanya kazi. Bushi ya mpira imeshikana na chuma pande zote mbili, mkono ukipanda na kushuka mpira wenyewe ndio unaojinyonga. Poli haijinyongi, inateleza juu ya bomba lake. Maana yake lazima ipate grisi, tena ile ya silikoni inayokuja kwenye pakiti yake, na lazima mahali pale pabaki safi. Sasa nikuulize wewe unayekwenda Marafa kila wiki na vumbi lile jekundu, au unayeegesha gari kando ya bahari: pale patabaki safi? Mchanga ukiingia, grisi inageuka msasa. Poli inaanza kulia, kisha bomba linapata kutu, kisha linakula poli kutoka ndani. Kwa gari la mashindano linalofunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, poli ni chaguo zuri sana. Kwa gari la kila siku hapa Malindi, siipendekezi, labda uwe tayari kufungua na kupaka grisi upya kila baada ya muda.

Mimi ninachopendekeza ni mpira. Ya mbele, hii ndogo, chukua ya kawaida ya Subaru yenyewe. Ya nyuma, tafuta ya mpira mgumu zaidi usio na majimaji: ya STI, kitengo cha michezo cha Subaru kilicholipa jina toleo kali la WRX, au zile zinazouzwa kwa jina la Group N, daraja la mbio la magari yaliyo karibu na yale ya dukani. Mpira ule hauna majimaji ya kuvuja, unaushika mkono vizuri kwenye breki, na bado unameza mashimo madogo. Utasikia barabara zaidi kidogo kwenye usukani, basi. Ni ghali kuliko mkono mzima wa bei nafuu, sifichi, lakini kama pesa inatosha sehemu moja tu, iweke kwenye bushi za nyuma, kushoto na kulia pamoja. Usibadilishe upande mmoja.

Najua wapo watakaosema Impreza ilishinda Safari Rally 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns, kwa hiyo haihitaji kubembelezwa. Ushindi ule naushangilia mpaka leo. Lakini yalikuwa magari ya kiwanda ya umbo la kwanza, yenye mafundi wanaobadilisha vipuri njiani. Lako lina fundi mmoja.

Ukiagiza Mombasa au Kirinyaga Road kule Nairobi, usiagize kwa jina la gari peke yake. Tuma namba ya chesisi na picha ya bushi ya zamani, maana mikono ya WRX na ya STI haifanani: STI nyingi za kizazi hiki zina mikono ya aluminiamu. Na hapa watu wa pwani tunahusika hasa. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu, pamoja na chumvi, hushikana kabisa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na wakati wa kurudisha paka grisi ya kuzuia kushikana kwenye shina la bolti.

Mkatazeni fundi kuchoma bushi ya zamani kwa moto. Moshi wake ni sumu, na mkono wa aluminiamu ukipata moto unapoteza ugumu wake. Presi ipo, itumike. Bushi mpya ukiilaza kwenye friza usiku kucha, ganda lake la chuma husinyaa kidogo na kuingia kwa urahisi.

La mwisho ndilo linaloua bushi nyingi mpya. Bolti za bushi za mpira hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Magurudumu yakining'inia, mkono umeshuka, na ukikaza hapo, mpira unabaki umenyongwa kila gari linaposimama chini. Miezi michache tu, umepasuka. Fundi aziweke kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwenye shimo au juu ya mbao imara, ndipo akaze kwa spana ya kupima nguvu. Simama hapo uone kwa macho yako. Kisha nenda alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, siku hiyo hiyo, kabla ya safari yoyote, na ukitoka huko tafuta kipande kitupu cha barabara, ushike usukani kwa wepesi, ufunge breki taratibu kisha kwa nguvu. Likienda sawa bila kuvuta, kazi imefanyika. Likivuta bado, rudi kwa fundi aangalie breki zenyewe, kalipa za mbele, zile zinazobana pedi za breki, zikiwa za kwanza.