Upasuaji wa matundu madogo kwenye kidole gumba: uzoefu wangu kutoka Ujiji

Mimi ni fundi cherehani, nakata vitenge kutwa nzima, na kidole gumba changu cha kulia kilifika mahali ambapo kufungua kifuniko cha chupa ya mawese kulinishinda. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba kiungo cha chini kabisa ya kidole, pale mfupa wa kwanza wa kiganja unapokutana na kimfupa kiitwacho trapezia, kilikuwa kimesagika na gegedu lake, yaani utando laini unaozuia mifupa kusuguana, kulika. Daktari alinieleza kwamba nguvu ya kubana kitu kwa ncha za vidole hufika kwenye kiungo hicho ikiwa imeongezeka takribani mara 12. Ndiyo maana kushika sindano kuliniumiza kuliko kubeba ndoo ya maji.

Gango la kushikilia kidole kitulie, vidonge na sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, vilitangulia, kama inavyostahili, na kila kimoja kilinipa nafuu ya muda tu. Ndipo nikafanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Mkono pekee ulitiwa ganzi. Daktari alitoboa matundu mawili kandokando ya kiungo, akapitisha kamera nyembamba isiyofika milimita 3, akasafisha ndani na kuondoa sehemu ya trapezia iliyokuwa ikisuguana na mfupa wa kidole. Kovu halionekani ila kwa kulitafuta, na yale maumivu ya usiku yamekwisha.

Hata hivyo, udogo wa matundu usimfanye mtu adhani kwamba kupona nako ni kwepesi. Mfupa umepunguzwa, kwa hiyo mkono ulikaa kwenye hogo (plasta ngumu) kwa wiki kadhaa, na nguvu ya kubana imerudi polepole, kwa miezi. Ganzi kidogo mgongoni mwa kidole ilinipata pia, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupita karibu na matundu hayo, lakini hilo nilikuwa nimeelezwa mapema.

Kilichoniudhi ni kuruhusiwa bila barua yoyote kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa huku. Ilibidi yeye mwenyewe apige simu kuuliza mfupa umeondolewa kiasi gani na mazoezi yaanze lini, wakati mimi niko zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka kwa aliyenipasua. Ndugu zangu wa Kigoma, msipande treni ya kurudi kabla barua hiyo haijawa mkononi. Huduma yenyewe ya upasuaji naisifu kwa moyo wote, na kidole cha kushoto kikifikia hali ile, nitarudi kwa daktari yuleyule.