Uzoefu wangu: papa potwe wa Kilindoni, na matembezi ya Chole na Juani

Nyota nne kati ya tano kwa vijana waliotupeleka kwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia. Tano kamili kwa akina mama waliotupikia Chole. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu maoni mengi niliyosoma kabla ya kwenda Mafia yalihusu bei na picha, na mtu akichagua boti kwa mambo hayo mawili tu, anaweza kulipia usumbufu wa samaki yule yule aliyemfuata.

Kufika si kazi kubwa. Kuna ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, kama nusu saa angani, na kuna usafiri wa majini kutoka Nyamisati, upande wa Kibiti, hadi Kilindoni. Sisi tulipita Nyamisati, tukasubiri maji yajae ndipo tukaondoka. Bahari ilikuwa tulivu.

Kabla sijaeleza safari yenyewe, kuna jambo ningependa kila mgeni alijue. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Lakini hifadhi hiyo iko zaidi upande wa kusini na mashariki: kijiji cha Utende, Ghuba ya Chole, visiwa vya Juani na Jibondo na miamba ya jirani. Papa potwe wanalisha upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mpaka. Kwa hiyo usitegemee doria ya hifadhi ikusimamie. Anayemlinda yule samaki asubuhi hiyo ni nahodha wako, mwongozaji wako na wewe mwenyewe. Ndiyo maana kuchagua boti ni jambo zito kuliko watu wanavyolichukulia.

Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Tulikwenda kaskazi ikiwa imeshika, na tuliandikisha safari kwa kikundi cha vijana wa Kilindoni tulichoelekezwa na mwenye nyumba tuliyofikia. Bei ilikuwa ya boti nzima, tukagawana. Kilichonipendeza mapema ni kwamba hawakutuahidi kumwona samaki. "Tutamtafuta hadi jua likiwa kali. Asipotokea, hatokei," mwongozaji alisema, na akasema hivyo kabla hatujatoa hela.

Ufukweni alituketisha mchangani akatueleza utaratibu taratibu, akihakikisha kila mmoja ameelewa. Tukae mita tatu kutoka mwilini na mita nne kutoka mkiani. Tuteleze majini kimya, tusijirushe. Tusimkatie njia kwa mbele. Hakuna kugusa, hakuna mwanga wa kamera. Tuwe wachache majini kwa wakati mmoja, wengine wabaki botini hadi zamu yao. Binamu yangu akauliza kama anaweza kumgusa mkia kidogo tu. "Hapana, kaka," akajibiwa. "Ule mkia ukikupiga ni sisi tutakaokubeba. Na akiguswa anazama, mnamkosa wote, na hawa wanaokuja nyuma yenu wanamkosa pia." Alisema kwa upole lakini hakuacha mwanya wowote, na binamu yangu hakuuliza tena.

Baharini nahodha, mzee mwenye umri wa baba yangu, hakuendesha kwa fujo. Alitazama membe, ndege wa baharini. Walipokusanyika mahali pamoja na dagaa kuanza kurukaruka juu ya maji, alipunguza injini, akasimama kwenye ukingo wa boti akitafuta kivuli. Wavuvi wa dagaa walikuwa karibu na nyavu zao, wakasalimiana naye kwa sauti, wakamwonyesha kwa mkono upande wa kwenda. Papa potwe na wavuvi wa Kilindoni wanafuata riziki ile ile ya viumbe vidogo. Wakati mwingine samaki huyo huingia ndani ya nyavu, na wavuvi humfungulia njia atoke. Mwongozaji wetu, ambaye baba yake ni mvuvi, alituambia hilo bila majivuno, na mimi nikaliona kubwa: watu hawa wamekuwa wakimwachia huyu samaki tangu kabla ya mgeni yeyote kuja kulipa kumtazama.

Nikateremka. Kwanza niliona maji ya kijani tu, mazito kwa chakula, kisha madoa meupe yakaanza kutokea, mstari kwa mstari, hadi nikatambua kwamba ukuta ule wote ulikuwa ubavu wake. Alikuwa mchanga bado, kama wengi wanaoonekana Mafia, ambao wengi wao ni madume wadogo. Mwongozaji alimkadiria mita sita au saba. Mtu mzima wake anaweza kupita mita kumi na mbili. Mdomo ulikuwa wazi, mpana, akimeza maji na kuyatoa kwenye matamvua, huku samaki wadogo wa manjano, vikolekole, wakiogelea mbele ya pua yake na chazo, samaki wanaojishikiza kwa wengine, wakiwa wamejibandika tumboni. Hakuharakisha. Jicho lake dogo lilinipita, naye akaendelea kula. Nilisahau kamera kabisa, na sijutii. Mpangilio wa madoa ya kila papa potwe ni wake peke yake, na watafiti hutumia picha za madoa hayo kuwatambua mmoja mmoja; hivyo ndivyo walivyogundua kwamba baadhi yao hurudi au hubaki maeneo haya mwaka baada ya mwaka. Maana yake yule niliyemwona anaweza kukutana na boti za watalii mwaka baada ya mwaka. Tangu mwaka 2016 papa potwe amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, na ni samaki anayechukua miaka mingi sana hadi kukomaa. Nililijua hilo kwa kusoma. Majini nililisikia moyoni.

Tulipokuwa zamu ya pili, boti nyingine ilifika kwa kasi ikajiweka mbele ya njia yake. Watu wakajirusha kwa kishindo, mmoja akimkimbilia kichwani na kamera mkononi. Samaki akainamisha kichwa, akazama, tukabaki na maji matupu. Kampuni yao sitaitaja. Nahodha wetu aliwaita, akawaambia jambo kwa sauti ya chini, kisha akatuomba radhi sisi, ambao hatukuwa tumekosewa na yeye. Mmoja wetu akapendekeza tumfukuzie alikoelekea. Mzee akakataa: "Amekwenda kupumzika, mwanangu. Tutafute mwingine, na tusipompata tumeshukuru." Alikuwa anakataa kumfurahisha mteja aliyelipa, mbele ya wateja wote, na kwa uamuzi ule peke yake ningerudi kwao kesho. Hatukupata mwingine. Hakuna aliyelalamika.

Nyota moja nimeipunguza kwa vifaa. Miwani ya kuogelea iliingiza maji kwa watu wawili, na baadhi ya maboya ya kuvaa yalikuwa na kamba zilizochakaa. Kwenye maji mazito kama yale, mtu asiyeogelea vizuri anahitaji boya la kuaminika. Niliwaambia wenyewe ana kwa ana, wakasikiliza, wakasema maboya mapya yako kwenye mpango wao wa msimu. Kama una miwani na mrija wako, beba. Beba pia fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Inakukinga na jua bila wewe kumwaga mafuta ya ngozi kwenye maji ambayo samaki huyu anayachuja kwa mdomo wake.

Upande wa Utende ni safari tofauti kabisa. Unapoingia eneo la hifadhi unalipa ada, na malipo ni kwa namba ya kumbukumbu kama malipo mengine ya serikali, dai stakabadhi. Baadhi ya watu wanaona ada hiyo ni mzigo. Mimi niliilipa kwa moyo, kwa sababu hifadhi hii haikuwahamisha wenyeji: vijiji viko ndani yake, watu wanavua ndani yake kwa masharti, wanalima mwani, wanaunda vyombo. Matumbawe ya hapa yaliumia sana mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi. Ukiogelea Ghuba ya Chole leo unaona sehemu zilizojaa uhai na sehemu ambazo bado ni vifusi. Usisimame juu ya jiwe lolote, hata ukichoka. Elea chali, upumzike hivyo.

Chole tulivuka kwa mashua ndogo. Ni kisiwa cha kutembea kwa miguu, chini ya minazi na miembe, na palikuwa makao ya utawala wa Mafia kabla Wajerumani hawajayahamishia Kilindoni. Magofu yao na ya Waarabu waliowatangulia yamekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa. Popo wanaokula matunda wananing'inia mchana kwenye miti yao kama nguo nyeusi zilizoanikwa. Jamaa zao wa karibu wako Komoro. Mama aliyetuongoza alitusimamisha mbali na mti na kutuomba tuzungumze chini. Alisema wapo wageni wanaopiga makofi ili popo waruke wapate picha, na kila wakirushwa mchana watoto wao wanaweza kudondoka. Ukitaka kuwaona wakiruka, subiri jioni, wataondoka wenyewe kwenda kula. Tulisubiri. Ilistahili kila dakika.

Sasa kuhusu watu, maana kwangu hii ndiyo sehemu iliyobeba safari. Mafia ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa, na adabu zake si ngumu kwa aliyelelewa vizuri popote. Vazi la kuogelea ni la majini. Ukitoka, jifunge kanga au kitenge, mwanamume avae fulana. Salamu kwanza, maswali baadaye. Tulimkuta bibi mmoja amekaa barazani akisuka ukili, nikamwamkia: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka wapi?" Tukakaa. Alitaka kujua habari za Dar, za mvua, za bei ya mchele. Simu yangu ilibaki mfukoni muda wote huo, na ni yeye mwenyewe, tulipoinuka, aliyeuliza, "Hamnipigi picha na mkeka wangu?" Nikampiga, nikamwonyesha, akacheka na kuniambia nipige nyingine, kilemba kilikuwa kimekaa upande. Mkeka niliununua kwa bei aliyoitaja. Kazi ya kuchambua ukindu, kuutia rangi, kuusuka na kushona mikanda hadi mkeka ukamilike ni ya majuma, na kumpunguzia elfu mbili tatu mtu wa namna hiyo ni jambo ambalo sioni sababu yake.

Chakula cha mchana kilipikwa na kikundi cha akina mama kilichotuomba tuagize siku moja kabla, ili wanunue kiasi kinachotosha. Wali wa nazi, pweza wa nazi, mchicha, embe. Pweza alikuwa laini mpaka nikaomba kujua siri yake, nikaambiwa ni kumpiga vizuri na kutokuwa na haraka. Fedha zote walipokea wenyewe, mkononi, mbele yetu. Hapo ndipo nyota zao tano zilipotoka.

Kua, upande wa Juani, nenda na mtu wa huko. Ni mji wa kale wa mawe ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na magofu ya misikiti, nyumba na makaburi yamesimama msituni hadi leo. Mwongozaji alitueleza masimulizi ya uhasama kati ya Kua na Kisimani Mafia, mji mwingine wa kale wa kisiwani, uliochochewa na uzinduzi wa jahazi na kuishia kwa harusi ya kisasi. Alisimulia kama habari ya jamaa zake, na ni jamaa zake kweli. Usipande kuta, usiokote vigae. Kufika kwake kunategemea maji, hivyo ratiba mwachie mwenyeji aipange, hata kama itakubidi uamke alfajiri.

Kwa anayejiandaa kwenda: taka zako rudi nazo hadi mjini, kwa sababu visiwa vidogo havina pa kuzipeleka, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Ijumaa mchana usipange safari ya boti; waache watu waswali. Beba fedha taslimu za noti ndogo. Na kabla hujatoa malipo ya awali kwa safari ya papa potwe, muulize nahodha: mkikuta boti nyingine tayari iko na samaki, mnafanya nini? Wetu alijibu kwamba wanasubiri mbali injini ikiwa imetulia, na zamu isipofika wanarudi. Ukijibiwa kwamba "sisi huwa tunawahi," tafuta boti nyingine. Zipo pale pale ufukweni, na wavuvi wa dagaa wanajua nani anafuata utaratibu. Wasalimie, kisha waulize.