Piza mwisho wa reli: Kigoma ununue wapi, na uanze na nani

Siku ya mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wangu, watoto wa nyumbani walisema pilau wameichoka, wanataka piza. Nikaagiza sita mahali fulani mjini bila kuuliza chochote. Zilifika saa mbili baada ya muda tuliopatana, zimepoa, jibini imeganda kama nta ya mshumaa, na ile waliyoiita kubwa ilienea kwenye sahani ya kawaida na nafasi ikabaki. Saa tatu usiku shangazi akabandika karai, tukala samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga. Wageni wengine hawakujua hata kama palikuwa na mpango wa piza.

Tangu hapo sinunui kabla ya kuhoji. Nimekula za hotelini, za barabarani na za majumbani, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na mpangilio ninaoutoa hapa ni wangu. Majina ya biashara sitaji. Si kwa woga. Mji wetu mdogo, na mpishi akihama, piza inahama naye, kibao kinabaki pale pale. Ukishikilia jina utakula historia. Shikilia aina ya mahali, halafu uliza nani yuko jikoni leo.

Kigezo changu cha kwanza ni ladha, hilo halina ubishi. Cha pili ni hela yangu inalala wapi. Piza ina vitu ambavyo lazima vije kutoka mbali: unga wa ngano, hamira, na jibini, ambayo nyingine inatengenezwa huko Njombe. Reli ya kati peke yake kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na jibini haipendi safari ndefu yenye joto. Lakini nyanya, vitunguu, hoho, kuku, samaki na mikono ya kukanda viko hapa hapa. Mpishi anayenunua hivyo kwa mama wa sokoni Mwanga au kwa wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi anapika kitu kibichi cha asubuhi ile ile, na hela inazunguka mtaani. Anayefungua kopo kwa kila kitu anakuuzia kopo. Kwa hiyo, kwenye piza, kujali mtaa na kujali ladha mara nyingi ni jambo moja, na ndiyo sababu orodha yangu imekaa ilivyokaa.

Kabla ya yote, jifunze inchi. Ukiambiwa "ndogo", "ya kati" na "kubwa", uliza upana wake kwa inchi, au mwombe akuonyeshe sinia anayopikia. Piza ya inchi 12 haizidi ya inchi 8 kwa nusu, kama macho yanavyodanganya. Inaizidi mara mbili na robo. Yaani hata ukinunua mbili za inchi 8, bado hujafikia moja ya inchi 12. Basi kama kubwa inauzwa chini ya bei ya ndogo mbili, chukua kubwa bila kufikiri. Mimi nilikosa hesabu hii siku ya mahafali, na ndiyo iliyonigharimu kuliko ule ubaridi.

Namba moja: mama wa keki

Kila mtaa unaye. Ndiye aliyeoka keki ya ndoa ya jirani yako, picha zake unaziona kwenye status za WhatsApp, na nyumbani kwake kuna oveni ya gesi karibu na dirisha. Wengi wao sasa wanaoka piza kwa oda, na mimi nawaweka juu ya kila mtu.

Sababu ni unga. Mgahawani unga wa piza mara nyingi hukandwa asubuhi ukasubiri mteja ambaye pengine hatakuja, kwa hiyo jioni unakuwa umechacha au umekauka pembeni. Mama wa keki anakanda kwa ajili yako, kwa idadi yako. Anajua hamira inavyofanya kazi siku ya joto na siku ya mvua, kwa kuwa maandazi yamemfundisha kabla ya piza. Tena yuko jirani, na jina lake ndilo duka lake: akikuharibia, msibani na kwenye vikao vya harusi habari itatembea. Wa mtaani kwetu ana mabinti wawili wanaojifunza kwake, na mmoja ameshaanza kupokea oda zake mwenyewe. Hilo kwangu lina uzito kuliko boksi lenye nembo.

Mazungumzo yetu huwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za watu wangapi?"

Ona swali lake. Hakuuliza unataka ngapi, ameuliza za watu wangapi, kisha anapiga hesabu mwenyewe. Anayeuza kwa pupa hakuulizi hivyo.

Udhaifu wao ni mmoja mkubwa: oveni. Oveni ya nyumbani, ikiwashwa hadi mwisho, hufika nyuzi 250 hivi, na piza inataka dakika 8 hadi 12. Kama oveni inabeba moja kwa wakati, sita ni karibu saa nzima au zaidi, na ya kwanza itakuwa imepoa kabla ya sita kuingia. Kwa shughuli ya watu wengi, gawa oda kwa mama wawili, au panga bodaboda aje mara mbili. Agiza siku moja kabla. Toa nusu kwa simu, nusu ukipokea. Muulize kama oveni ni ya gesi au ya umeme. Ya umeme ikikatika unarudi kwenye migebuka kama mimi. Na kama nyumbani kwako halali ni jambo la lazima, usiulize tu "ni halali?", kwa maana utajibiwa ndiyo. Uliza sosoji ni ya nyama gani, na nyama imechinjwa wapi.

Kitu kingine wanachokufanyia mama hawa, ambacho hotelini utaangaliwa vibaya ukikiomba, ni kukupikia na samaki wako. Hapa nikae kidogo, kwa kuwa ndipo Kigoma inapowashinda wengine.

Watu hucheka nikisema piza ya dagaa. Waitaliano wenyewe wanaweka samaki wadogo wa chumvi juu ya piza tangu zamani. Kichekesho ni kwamba Roma wanaiita piza hiyo ya Napoli, na Napoli wanaiita ya Roma. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika ni jamii ya sadini, si mbali na hao wa kwao. Ila lazima ununue vizuri. Wa kwenye piza ni dagaa waliokaushwa juu ya chanja, si walioanikwa mchangani, maana punje moja ya mchanga inaharibu kipande kizima na hakuna sosi itakayoificha. Wavunje vichwa, watoe tumbo, wakaange kidogo tu kwa kitunguu, kisha mpelekee mama. Awaweke dakika mbili za mwisho, wasiungue. Jibini iwe kidogo. Mimi hudondoshea na mawese kijiko kimoja ikishatoka motoni. Mke wangu anasema hapo ndipo ninapovuka mpaka.

Migebuka nayo inafaa, hasa ya moshi, ikitolewa miba yote na kunyambuliwa. Kuhe ni samaki mtamu mno kumfunika na jibini. Mchome, mle na ugali wa muhogo, piza mwachie mwingine.

Bei ya samaki inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, Kibirizi panapoa na bei inapanda. Panga piza yako ya dagaa kwenye giza. Pia fuatilia matangazo ya kupumzisha ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuwa hana akiba kavu alikula piza ya kuku miezi mitatu.

Namba mbili: zanzibar piza ya usiku

Wenye piza zao za Italia watanitolea macho, lakini hii naiweka juu ya hoteli. Kwa asili haina undugu na Napoli, ni jamaa wa mantabali: unga unatandazwa hadi unaona meza upande wa pili, unawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai, mayonezi na kipande cha jibini, unakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Umaarufu wake ulitokea Forodhani, Unguja, ukasambaa na vijana waliobeba bamba zao bara.

Faida yake ni kwamba unaiona inavyopikwa mwanzo hadi mwisho, na unaila ya moto. Kijana anayeipika pia ni mteja wa kila mtu aliye karibu naye: yai la jirani, mkaa wa jirani, hoho za mama aliyekaa mita tano kutoka kwake. Nyama ndiyo ya kuangalia. Kama iko wazi kwenye beseni tangu magharibi na sasa ni saa nne, omba ya yai na mboga tu. Angalia na rangi ya mafuta; yakiwa meusi, sogea kwa anayefuata. Na usiibebe kwenda nayo nyumbani. Ikifungwa inalegea kama kitambaa kilicholoana.

Namba tatu: hoteli za ziwani

Hapa unalipia mandhari, na mandhari yenyewe ni halali ya bei: jua linazama upande wa Kongo, maji yanabadilika rangi, mgeni wako kutoka Dar ananyamaza kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. Piza zenyewe huwa nzuri siku mpishi yupo, na za kusikitisha siku yuko msaidizi. Uliza. Mhudumu mkweli atakwambia "leo chukua samaki, kaka", na mhudumu wa namna hiyo mwachie chochote kitu.

Agiza mapema, kabla hata ya kuchagua meza, kwa sababu dakika arobaini hapa ni kawaida. Soma chini ya menyu kama bei imejumuisha VAT. Asilimia 18 ikiongezwa mwishoni inauma. Kuhusu mtaa, hoteli hazifanani. Ipo inayonunua mboga na samaki hapa hapa na kuajiri vijana wa Bangwe na Katonga wakakua hadi kuwa wapishi, na ipo ambayo hata nyanya zake zimesafiri kuliko mimi. Njia rahisi ya kujua ni kumuuliza mhudumu samaki wa leo ametoka wapi. Asipojua, hata jikoni hawajui.

Namba nne: migahawa ya chipsi yenye neno "piza" ukutani

Mara nyingi ipo ukutani tu. Ikipatikana, ni mkate wa duara uliookwa jana, ukapakwa tomato sosi na kupashwa moto. Watoto wadogo wataifurahia. Chipsi mayai ya mahali hapo hapo itakuwa bora mara tatu, na ndiyo wanayoijua.

Kuhusu piza za kugandishwa za madukani, sitapoteza maneno: kwa umeme wetu huwezi kujua imeganda na kuyeyuka mara ngapi.

Kupika mwenyewe sikukupa namba kwa kuwa si kununua, ila kwa familia kubwa ndiyo nafuu kuliko yote. Unga nusu kilo, maji ya uvuguvugu mililita 300, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi karibu viwili, mafuta kidogo. Kanda dakika kumi, funika saa moja hadi moja na nusu. Unapata mbili za inchi 12. Kama huna oveni, fanya kama keki ya mkaa: sufuria nzito, moto mdogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Usitarajie ile michomo myeusi ya Napoli, wao tanuri lao la kuni linakaribia nyuzi 485 na piza inatoka ndani ya sekunde 90. Yako itakuwa na chini ngumu kidogo na juu laini, na itakuwa imeisha kabla hujakaa.

Mambo ya usafiri: mwambie mpishi asifunge boksi mara moja, aache mvuke utoke dakika mbili, la sivyo unga unalowa njiani. Bodaboda alibebe boksi limelala juu ya mapaja au kwenye kikapu, asilisimamishe pembeni kama bahasha. Kutoka Mwanga hadi Ujiji barabara inatosha kuisogeza jibini yote upande mmoja, nimeshuhudia.

Watoto wameshatoa oda ya Idi ijayo kwa mama wa keki: tatu za kuku, moja ya dagaa. Nimeangalia kalenda, Idi inaangukia mwezi mwandamo, giza tupu, dagaa watakuwepo. Hiyo moja ni yangu.