Plaiwudi ya mataruma ya kayaki ya turubai: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kayaki ya fremu na turubai haili plaiwudi nyingi. Yenye urefu wa mita tano hivi huwa na mataruma (mbavu za fremu) sita hadi tisa, na yote hutoka kwenye shiti moja ya futi nane kwa nne na vipande vikabaki. Kwa hiyo kabla hujaanza kulalamikia bei, kumbuka ni shiti moja tu. Ukibana matumizi hapo, hasara utaiona turubai likishashonwa na kupakwa rangi, wakati taruma lililoachana tabaka halifikiki tena kwa mkono wala kwa gundi.

Kumbuka pia kuwa kuzuia maji ni kazi ya turubai. Plaiwudi inashika umbo. Mbao ndefu hulala kwenye vikato vilivyochongwa ukingoni mwa taruma na kufungwa kwa kamba, na katikati hukatwa ili miguu ipite. Kinachobaki ni ukingo wa sentimita nne au tano, uliotobolewa matundu ya kamba na unaoshinda kwenye unyevu. Wainuiti wa Greenland hawakusumbuka na haya: walikunja mataruma ya mbao zilizoletwa na bahari, wakavika ngozi ya sili. Sisi tunaokata mataruma kwenye shiti tunahitaji tabaka nyingi nyembamba, zisizo na mapengo ndani, na gundi isiyolainika.

1. Baltic birch (plaiwudi ya mti wa birch wa kaskazini mwa Ulaya), milimita 12. Wajenzi wa boti watanipinga, maana wao huanza na plaiwudi ya baharini. Lakini kwa taruma jembamba lenye matundu, hii haina mpinzani. Milimita 12 zina tabaka tisa, zote za mti uleule mgumu, kwa hiyo tundu la kamba halipasuki na kona haimeguki. Kasoro yake ni uzito: karibu kilo 650 hadi 700 kwa mita ya ujazo, wakati okume (namba 2 hapa chini) ni kama 450. Piga hesabu. Mataruma yote yakishakatwa ni kama nusu mita ya mraba, hivyo tofauti ni kilo moja na kitu. Ukisahau chupa ya maji nyumbani umeshairudisha. Kasoro ya pili ni kwamba mti wenyewe huoza upesi ukiachwa wazi, hivyo lazima upakwe. Shiti zake mara nyingi ni futi tano kwa tano, na kwa kayaki moja zinatosha. Ulizia kwanza kwa mafundi wa makabati: taruma kubwa kabisa halizidi sana upana wa mabega, na wao huwa na vipande vya ukubwa huo vimeegemezwa ukutani.

2. Okume ya baharini, kiwango cha BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini). Okume ni mti wa Gabon na jirani zake, mwepesi, rahisi kukata. Ukiipata ya kweli, chukua milimita 12. Ya 9 ni nyembamba mno kwa mti laini namna hii. Wengi hudhani kiwango hicho kina maana kwamba mti hauozi. Okume inaoza vizuri tu. Unacholipia ni gundi inayostahimili maji na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Na mhuri usikutoe fahamu, kwani mhuri ni wino. Tazama ukingo wa shiti.

3. Ile nyeusi ya kumwagia zege. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Ingia hadiwea ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Mombasa uombe "marini", utaletewa ubao wenye utando mweusi au wa kahawia unaong'aa. Huo ni ubao wa mafundi zege. Gundi yake inaweza kuwa nzuri, ila ndani mara nyingi ni vipande vya mti laini vilivyoungwaungwa, na ukingo umepakwa rangi inayoficha mapengo. Halafu epoksi na vanishi havishiki juu ya utando, inabidi uupige msasa wote. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inapatikana kila mahali, na shiti nzuri zipo. Sharti moja: muuzaji akubali kukata kona mbele yako. Akikataa, jibu umeshalipata.

4. Ya mkaratusi au msindano, ya viwanda vyetu. Hutofautiana shiti kwa shiti. Iliyobandikwa kwa gundi ya nje (isiyoachia ikiloa) na yenye tabaka saba au zaidi inafaa kayaki ya ziwani au ya mkono wa bahari uliotulia. Ya tabaka tano nene, iache.

Plaiwudi ya dari, blokibodi na MDF hazimo kabisa kwenye orodha.

Ukiwa dukani, tazama mstari wa gundi ukingoni. Wa kahawia iliyokolea ni dalili nzuri, ingawa si ushahidi. Mweupe au wa rangi ya maziwa unataka kipimo. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, ukichemshe saa mbili tatu, ukianike kikauke, urudie, kisha ujaribu kukibandua kwa kisu. Kipimo cha Ulaya cha gundi ya nje, EN 314 daraja la 3, kinaweza kuchemsha hadi saa 72, lakini kwa bei ya mkaa hatufiki huko. Na usitumie sufuria ya maharage.

Kuhusu unene: 12 ndiyo ya kuanzia, 9 inakubalika kwa birch peke yake na kwa kayaki fupi. 18 ni kubeba mzigo bure.

Acha pesa ya epoksi au vanishi kwenye bajeti hiyohiyo. Maji huingia plaiwudi kupitia ukingo na matundu, kwa hiyo toboa kwanza, viringisha kingo kwa msasa zisikate kamba, ndipo upake, mikono mitatu ukingoni na miwili usoni. Matundu yapitishie kijiti kilichochovywa, maana brashi haifiki.