Unanunua bodi kwa ajili ya pini? Uliza kwanza zimeungwa kwenye chipu gani

Wasomaji wananiuliza swali lile lile kila mara: "Dada, nimewasha Raspberry Pi ndani ya QEMU, kila kitu kinakubali ila pini. Ninunue bodi gani?" Kwa mgeni: Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja, pini zake (GPIO) ndizo zinazowasha taa na kusoma vitufe, na QEMU ni programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako. Uchungu wa kukwama hapo naujua. Mimi mwenyewe niliagiza bodi usiku, kwa hasira, bila kusoma maelezo. Ilipofika ilikuwa na matundu 40 na hakuna pini hata moja. Kwenye picha ya muuzaji pini zilikuwepo. Huyo nitamrudia.

Kabla hujatoa pesa, jua kwanza kinachokusumbua. Kama umetumia mashine ya QEMU iitwayo versatilepb, kama miongozo mingi ya zamani inavyofundisha, humo ndani hamna Raspberry Pi. Kuna bodi nyingine yenye prosesa ya aina ya ARM, iliyovalishwa mfumo wa Pi. RPi.GPIO, maktaba ya Python ya kuendesha pini, inachungulia iko juu ya nini, inakuta jina geni, inagoma na kukwambia kwamba inafanya kazi kwenye Raspberry Pi tu. Ongeza sudo, ile amri ya kuomba ruhusa ya msimamizi, mpaka uchoke, haitakusaidia. Ukihamia mashine zinazoigiza Pi yenyewe, yaani raspi3b, au raspi4b iliyokuja na QEMU 9.0 mwaka 2024, kosa hilo linaweza kupotea, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Rejista, vile visanduku vya chipu vinavyoongoza pini, zinapokea 1 na 0 zako vizuri tu, lakini nyuma yake hakuna waya. Taa haiwaki, na kitufe hakina wa kukibonyeza.

Kama unataka kupima mantiki ya programu tu, usinunue chochote. Andika kwa gpiozero, maktaba nyingine ya Python ya pini, weka GPIOZERO_PIN_FACTORY=mock mbele ya amri yako, na pini za bandia zitakutii. Wanaotumia libgpiod, maktaba ya pini ya Linux, wana pini za kuigiza za gpio-sim, iliyomo kwenye keneli (kiini cha mfumo) ya Linux tangu toleo la 5.17. Ukishapita hapo na bado unataka taa ya kweli iwake, haya, tununue.

RAM sitaizungumzia, wala kasi ya prosesa. Kuwasha na kuzima rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, hakuhitaji gigabaiti nane. Mimi natazama kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye boksi: pini zimeungwa kwenye chipu ipi, na maktaba ipi inajua kuongea nayo.

Namba moja ni Raspberry Pi 4 Model B, yenye RAM ndogo kuliko zote utakazozikuta. Ndiyo, naipendelea, na sioni haya. Pini zake 40 zimelehemiwa kiwandani, zinatoka moja kwa moja kwenye chipu kuu ya BCM2711, na masomo mengi ya RPi.GPIO yanafanya kazi juu yake bila kubadilishwa hata mstari. Tahadhari yangu ni moja tu, skripti za kale zinazoandika namba za pini kwenye faili za mfumo za /sys/class/gpio. Tangu Raspberry Pi OS ihamie keneli ya 6.6, hesabu humo huanzia 512, kwa hiyo GPIO 17 sasa ni 529. Bodi nzima isirudishwe dukani kwa sababu ya hesabu ya kujumlisha.

Namba mbili, Zero 2 W. Chipu yake ni ya ukoo wa Pi 3, na RAM yake ya megabaiti 512 inatosha kabisa kwa sensa. Ila soma herufi ya mwisho kama unayesoma mkataba. Zero 2 WH ina pini. Isiyo na H ina matundu. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemia, usianze na viungo 40 vilivyobanana.

Namba tatu, Pi 5. Najua mtapiga kelele. Ni kompyuta nzuri kuliko hizo zote mbili, lakini pini zake ziliondolewa kwenye chipu kuu zikapelekwa kwenye chipu ya pembeni iitwayo RP1, inayofikiwa kwa PCIe, njia ya kasi ya kupitisha data kati ya chipu. RPi.GPIO imezoea kugusa rejista za chipu kuu yenyewe, sasa inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Dawa ipo: iondoe, weka rpi-lgpio inayoitikia jina lile lile, au andika upya kwa gpiozero. Kama mradi ni mpya, nunua bila wasiwasi. Kama una programu ya miaka sita ambayo hutaki kuigusa, rudi namba moja.

Bodi za bei rahisi zenye pini 40 za kufanana? Sura ni moja, chipu ni nyingine, na kila moja inataka maktaba yake. Anayependa kuhangaika, ruksa.

Sasa wauzaji. Wakati wa uhaba wa mwaka 2021 na 2022 kuna waliozihodhi bodi na kuzipandisha bei bila aibu. Bodi zikarudi, tabia ikabaki. Leo wanakufungia bodi pamoja na feni, stika na sensa ya umbali ya HC-SR04, wanaita "kifurushi cha Raspberry Pi". Sensa hiyo inarudisha volti 5 kwenye pini ya Echo, na pini za Pi zinavumilia 3.3 tu. Vipinga viwili, cha kilo-omu 1 na cha kilo-omu 2, vingeikinga bodi. Stika zimo, vipinga havimo.

Na yule wangu wa matundu 40? Nilimwandikia, nikamtumia picha yake mwenyewe. Alijibu kwa mstari mmoja: "Picha ni ya mfano tu."